Jibu kwa dereva anayeogopa kufa kabla hajaungama

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nimeoa, na kwa miaka 18 nimekuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mwaka jana rafiki yangu, dereva mwenzangu, alikufa kwa ajali katika mteremko wa Kitonga. Usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa pamoja. Alikunywa pombe, na alinieleza kwamba hakuwa ameungama kwa miaka mingi. Tangu hapo sina amani. Naota akiniita kutoka mahali penye giza, na mtu mmoja katika jumuiya yetu aliniambia kwamba bila shaka yuko motoni na ananionya. Sasa naungama kabla ya kila safari, na nisipompata padre natetemeka njia nzima. Dhambi nilizokwisha kusamehewa nazirudia, hasa ile ya kuzaa mtoto nje ya ndoa huko Makambako. Mtoto huyo ana miaka tisa, na kwa miaka minne nimekata mawasiliano naye na mama yake ili niachane kabisa na dhambi hiyo. Mke wangu hajui. Usiku nikiendesha nasali Rozari moja baada ya nyingine ili nisisimame kulala, kwa maana nahofia kufia usingizini nikiwa sijajiandaa. Wakati mwingine nafikiri ingekuwa afadhali nife mara tu baada ya kutoka kuungama. Nifanye nini ili niwe tayari kwa kifo na hukumu?"

Milele amina, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla sijagusa mafundisho yoyote nataka nianze na sentensi yako iliyo karibu na mwisho, kwa maana hiyo haiwezi kusubiri. Umesema kwamba wakati mwingine unaona ingekuwa afadhali ufe mara tu baada ya kuungama. Huenda ni uchovu wa mtu aliyehangaika kwa muda mrefu, lakini huenda pia ni mlango wa hatari, na mtu anayeshika usukani wa lori usiku akiwa peke yake hapaswi kubaki na wazo hilo bila mwingine kulijua. Mwambie mkeo leo hii, au ndugu unayemwamini, au paroko wako. Na ukijikuta unafikiria namna ya kulitimiza, egesha lori, mpigie mtu simu aje akae nawe, na mwende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Hakuna anayejiandaa kukutana na Mungu kwa kuukimbia uhai ambao Mungu mwenyewe amempa.

Sasa nije kwenye swali lako. Unauliza ufanye nini ili uwe tayari, nami nikiitazama barua yote naona mambo matatu uliyoyafunga katika kifurushi kimoja na kukiita maandalizi ya kifo: msiba wa rafiki ambao bado hujaulia, hofu iliyokwisha kuwa ugonjwa wa dhamiri, na wajibu mmoja ulioachwa kando ya barabara. Nitayafungua yote, ingawa nitakaa zaidi na hilo la tatu, ambalo wewe umelitaja kwa kulipita haraka.

Sitakuambia kwamba hukumu haipo. Wapo wanaotuliza watu kwa kuwaambia kwamba Mungu ni pendo na kwa hiyo hakuna cha kuulizwa, lakini huo ni utulizaji wa uongo, na kwa mtu mwenye dhamiri iliyo macho kama wewe hautafaa hata siku moja. Waraka kwa Waebrania unasema wazi kwamba watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Kanisa linafundisha kwamba kila mmoja wetu hupokea hukumu yake binafsi mara tu anapokufa, na kwamba iko pia hukumu ya mwisho, siku ambayo yote yatawekwa hadharani. Kuyakumbuka hayo ni jambo jema. Mtakatifu Benedikto, katika kanuni ambayo watawa wa Peramiho, Ndanda na Hanga wanaiishi hadi leo, anamwagiza mtawa akiweke kifo mbele ya macho yake kila siku. Ila tazama jirani za agizo hilo. Kabla yake tu anaagiza mtawa autamani uzima wa milele kwa hamu yote ya roho, na mara baada yake anamwagiza ayalinde matendo yake kila saa. Kisha anaifunga orodha yake yote kwa kusema kwamba mtu asikate tamaa kamwe juu ya huruma ya Mungu. Kwa Benedikto, kukumbuka kifo kuna hamu upande mmoja na kazi ya leo upande wa pili. Kwako vyote viwili vimeondoka, kimebaki kifo peke yake.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Hatusemi kwamba mtu mwema ni mwoga wa Mungu. Tunasema ni mcha Mungu. Kumcha mtu ni kumheshimu kwa kiasi kwamba hutaki kumhuzunisha, na unapokuwa mbele yake unajiweka vizuri kwa kuwa unajua yeye ni nani. Kuogopa ni jambo jingine, kwa maana unayemwogopa humkimbia, au humpa anachotaka ili aondoke. Ulipoandaliwa kwa Kipaimara ulifundishwa mapaji saba ya Roho Mtakatifu, na la mwisho kati yake ni uchaji wa Mungu. Nabii Isaya anapomtaja yule atakayejazwa Roho huyo anasema kwamba "furaha yake itakuwa katika kumcha Bwana." Jiulize kwa utulivu kama hali uliyonayo tangu mwaka jana unaweza kuiita furaha, hata furaha nyembamba. Kama huwezi, basi unachokibeba si kile kipaji, hata kama kinavaa nguo zake.

Hata hivyo sitaki uidharau hofu yako yote, kwa sababu imekufanyia jambo moja zuri, imekurudisha kwenye kitubio. Mtakatifu Augustino aliifananisha hofu na sindano: huingia kwanza katika kitambaa na kuuvuta uzi, lakini yenyewe lazima itoke ili uzi ubaki, na uzi ndio upendo. Kanisa nalo hukubali kwamba anayekwenda kuungama kwa sababu anaogopa adhabu, maadamu ameikataa dhambi yake kweli, anapata maondoleo. Tatizo lako ni kwamba sindano imebakia ndani ya nguo, nawe kila unapojisogeza inakuchoma. Mtume Yohane anaandika kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Hakusema kwamba hofu haikuwahi kuingia.

Nyuma ya hofu yako nadhani kuna picha fulani ya Mungu, nami nitaisema kwa maneno ya barabarani. Unamwona kama askari aliyejificha nyuma ya kona na tochi yake, akisubiri sekunde ile utakayozidisha mwendo, na hajali kwamba kilomita mia tano zilizopita uliendesha vizuri. Utaniambia kwamba Bwana mwenyewe alisema atakuja kama mwivi. Ni kweli alisema, lakini Mtume Paulo, akiwaandikia Wathesalonike juu ya siku hiyo hiyo, aliongeza: "Bali ninyi, ndugu, hammo gizani, hata siku ile iwapate kama mwivi." Mwivi humshtua anayetaka mwenye nyumba asije. Mtoto anayemngoja baba yake hashtuki mlango unapofunguliwa, hata kama hakuijua saa. Anayehukumu ni yule yule aliyekufa kwa ajili yako. Hatafuti dakika yako mbaya ili akunase ndani yake, kwa maana kama angelitaka kukunasa angekuwa na nafasi nyingi sana katika miaka 18 ya usukani.

Nije sasa kwenye kuungama kabla ya kila safari. Hali hii inafahamika katika Kanisa tangu zamani na ina jina lake la Kilatini, ambalo asili yake ni kijiwe kidogo chenye ncha, kile kinachoingia kiatuni na kumfanya mtu asiweze kutembea ingawa miguu yake ni mizima. Inafanya kazi hivi. Shaka inakuja: labda sikulisema vizuri, labda sikutubu vya kutosha. Shaka inaleta hofu, nawe unakimbilia kiti cha maungamo. Ukitoka unapata nafuu ya saa chache, au siku mbili. Nafuu hiyo inaifundisha akili yako kwamba tiba ni kuungama tena, kwa hiyo shaka ikirudi inarudi na nguvu zaidi na kudai dozi ile ile. Ni kama upele, ambao kadiri unavyoukuna ndivyo unavyowasha. Unachokitafuta hapo ni uhakika wa kuweza kuushika mkononi, ili usihitaji tena kumtumaini Mungu, na uhakika wa namna hiyo hata watakatifu hawakupewa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipitia mahali hapo ulipo. Mwaka 1522, baada ya kuacha uaskari, aliungama dhambi za maisha yake yote kwa kuziandika, kazi iliyomchukua siku tatu, lakini alipokwenda kukaa Manresa dhambi zile zile zikaanza kumrudia moja baada ya nyingine, naye akaungama tena na tena bila kupata raha, hata akajaribiwa kujitupa katika shimo lililokuwa chumbani mwake. Alifunga chakula wiki nzima na haikumponya. Alipona alipotambua kwamba roho iliyokuwa ikimsukuma kurudia haikuwa ya Mungu, akaamua kwamba asingeungama tena jambo lolote la zamani. Uamuzi huo ulimgharimu kuliko kufunga, kwa maana ilibidi aendelee kuishi na ile shaka bila kuitii.

Kwa hiyo lishike hili kama mafundisho, wala usilichukue kuwa maoni yangu tu: dhambi uliyoiungama kwa moyo mnyofu na kupewa maondoleo haidai kuungamwa tena. Uliyoisahau bila kukusudia imesamehewa pamoja na nyingine. Kama ilikuwa ya mauti na ukaja kuikumbuka, itaje mara moja katika maungamo yajayo, bila kukimbizana na saa. Na ili dhambi iwe ya mauti inatakiwa jambo lenyewe liwe zito, ulijue kuwa zito, na ulitake kwa hiari kamili. Wazo lililopita kichwani ukiwa foleni ya mizani Mikumi halitimizi hayo matatu.

Unatetemeka unapokosa padre, na wakati huo huo unayo kinywani dawa uliyofundishwa tangu utotoni. Isikilize Sala ya Kutubu kwa makini: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza." Haisemi kwani ninaogopa moto, wala kwani nitakufa Kitonga. Sababu inayotajwa ni wema wake. Majuto yanayotoka katika upendo huo Kanisa linayaita majuto kamili, nayo humpatia mtu msamaha hata wa dhambi ya mauti pale pale alipo, maadamu amekusudia kwa dhati kwenda kuungama mara tu itakapowezekana. Usiyapime majuto hayo kwa machozi wala kwa mtetemo wa mwili, kwa maana ni tendo la utashi, ukilitaka, umelitenda. Isali mara moja asubuhi na mara moja kabla ya kuwasha injini, usiirudie, kisha uendeshe gari lako.

Kila mwaka ifikapo 3 Juni huwafikiria vijana wafiadini wa Namugongo, Uganda. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake kadhaa waliokuwa bado wakatekumeni, mmojawapo akiwa Kizito, kijana wa miaka ipatayo kumi na minne, kwa kuwa walijua mfalme angewahukumu kulipokucha. Walikuwa na siku chache tu za ubatizo walipochomwa moto. Sidhani kama yeyote kati yao alikuwa na muda wa kuipitia orodha yake mara ya pili. Walikuwa wameshika mkono mmoja, na njiani kuelekea Namugongo hawakuuachia.

Kuhusu rafiki yako nitasema machache, na ninayasema kwa uchungu, kwa sababu aliyekuambia kwamba bila shaka yuko motoni amekutendea vibaya wewe na marehemu pia. Kanisa limewatangaza watu wengi kuwa watakatifu, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina lake kuwa yuko motoni. Mtu wa jumuiyani hana mamlaka ambayo Kanisa zima halijajipa. Bwana Yesu alipoletewa habari za watu waliouawa aliwataja pia wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu, kisha akawageuzia wasikilizaji neno la toba. Wahenga nao walisema ajali haina kinga, wala hawakusema ajali ni laana. Kilichopita kati ya rafiki yako na Mungu wake pale breki zilipokataa hukijui, wala mimi sikijui, na sitakuahidi kwamba yuko mbinguni kama ambavyo simruhusu mwingine akuahidi kwamba yuko motoni. Lakini tazama jambo moja ulilolipita: usiku wake wa mwisho, bila kuulizwa, alikueleza kwamba hajaungama kwa miaka mingi. Mtu asiyejali halitaji jambo la namna hiyo.

Ndoto zako ni za mtu mwenye msiba. Ulikuwa naye saa chache kabla ya kifo chake, hukumzuia kunywa wala kusafiri, na nafikiri kuna swali unalojiuliza usiku ambalo hukuliandika. Mlilie rafiki yako. Mwombee, kwa maana sala za walio hai huwafaa waliokufa, ndiyo sababu tunasema "raha ya milele uwape, ee Bwana," na ndiyo sababu tarehe 2 Novemba yote tunaitoa kwa ajili yao. Peleka nia ya Misa parokiani kwako, umtaje kwa jina. Kama ameacha mjane na watoto, nenda ukawaone. Akikujia tena ndotoni, amka, mwombee sala hiyo fupi, urudi kulala.

Na sasa nifike Makambako.

Umeandika kwamba dhambi ya kuzaa nje ya ndoa umeiungama mara nyingi, na kwamba umekata mawasiliano na mtoto na mama yake ili uachane kabisa na dhambi hiyo. Ndugu yangu, hapa ndipo dhamiri yako, iliyo kali mno mahali pengine pote, imelala. Dhambi yako ilikuwa uzinzi, na hiyo imesamehewa. Mtoto si dhambi. Mtoto ni mtu, aliumbwa na Mungu, na unayedaiwa matunzo yake ni wewe. Ulikuwa na haki, tena wajibu, wa kuvunja uhusiano na mama yake kama mke. Hukuwa na haki ya kuvunja uhusiano na mwanao kama baba. Umekuwa ukirudia kuungama dhambi isiyodaiwa tena, huku ile inayoendelea hadi leo haijafika kwenye kiti cha maungamo hata mara moja kwa sababu uliivalisha joho la toba.

Sisemi haya ili nikuongezee hofu. Naamini sehemu ya mahangaiko yako inatoka hapa, kwa kuwa dhamiri ni kama mlinzi asiyejua kusoma: anajua kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini hawezi kukuambia ni kitu gani, basi anapiga kelele kwenye kila mlango. Na kila safari yako, kwenda na kurudi, unapita Makambako. Sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, ambamo Bwana anaieleza hukumu yenyewe, haiulizi hesabu ya maungamo. Inauliza juu ya mwenye njaa, mgeni, aliye uchi, na inasema kwamba tulichowatendea au kutowatendea wadogo hao tumemtendea yeye. Huyu wako ana miaka tisa, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Namna ya kulipa inahitaji busara, nami nitakuwekea njia zilizopo jinsi zilivyo. Unaweza kuanza kutuma fedha za matunzo kimya kimya bila mkeo kujua. Ni njia ya haraka, mtoto ataanza kula na kusoma mapema, lakini unajenga siri mpya juu ya siri ya zamani, na siri za namna hiyo mara nyingi hufunuka msibani, wakati mjane anapokutana na mtoto asiyemjua mbele ya jeneza. Nimesimama kwenye misiba ya namna hiyo, na sitamani mkeo aipate siku hiyo. Njia ya pili ni kumweleza mkeo. Itamuumiza, huenda atakasirika kwa miezi, na siwezi kukudhaminia jinsi atakavyolipokea. Hata hivyo katika mengi niliyoyashuhudia ndiyo njia inayozaa amani ya kweli, nami ndiyo ninayokushauri, ila usiifanye kwa ghafla wala kwa simu ukiwa njiani. Nenda kwanza kwa paroko, au kwa wanandoa wazee mnaowaheshimu wote wawili, mpange nani awepo na siku gani. Kama kuna hatari ya ukatili nyumbani, au mkeo ni mgonjwa sasa, paroko anaweza kukushauri kusubiri kidogo kuhusu kumwambia. Matunzo ya mtoto yenyewe hayasubiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mwanawe, na kama mama yake hataki kuzungumza nawe moja kwa moja baada ya ukimya wa miaka minne, maofisa wa ustawi wa jamii wa halmashauri wanaweza kuwakutanisha na kuandika makubaliano.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuliona kuwa la kiroho. Unasali Rozari usiku kucha ili usilale. Rozari ni sala ninayoipenda, lakini ukiisali ili kuufukuza usingizi ukiwa umeshika chombo cha tani nyingi, unaiweka mahali pa breki. Amri ya tano inasema usiue, nayo inamhusu dereva aliyechoka. Kwa kazi yako, kumcha Mungu ni pamoja na kukagua breki na matairi kabla ya kuushuka mlima, kukataa pombe usiku wa kuamkia safari, kumwambia tajiri kwamba huwezi kuendelea bila kupumzika, na kulala. Kulala ni tendo la imani. Mtunga Zaburi anasema, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara," na Kanisa huisali zaburi hiyo katika sala ya mwisho ya usiku. Anayelala ameyaacha mambo yake mikononi mwa mwingine kwa saa kadhaa, na mazoezi hayo ya kila usiku ndiyo maandalizi ya kifo yaliyo karibu zaidi na kifo chenyewe.

Kwa upande wa maisha ya kila siku sitakupa mzigo mkubwa. Jioni, dakika tano zisizozidi, tazama siku yako na Mungu: mshukuru kwanza kwa jambo moja lenye jina, kisha taja kosa moja, omba msamaha, funga. Chagua muungamishi mmoja na usimbadilishe, mweleze hali yako kama ulivyonieleza mimi, na akikuambia urudi baada ya mwezi, urudi baada ya mwezi. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, msimamizi wa waungamishi, ambaye naye aliteswa na dhamiri ya namna hii, aliwashauri watu wa hali yako watii neno la muungamishi wao hata pale shaka inapopiga kelele. Andika wosia mbele ya mashahidi wasio warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuuhifadhi, na mtoto wa Makambako awemo. Mwoneshe mkeo mahali zilipo hati na orodha ya madeni yako. Na wote nyumbani wajue kwamba ukiugua sana wamwite padre mapema, ungali na fahamu zako, kwa sababu Mpako wa Wagonjwa si muhuri wa kufungia jeneza. Ni sakramenti ya mgonjwa, na Komunyo ya mwisho, ile tunayoiita chakula cha njiani, humfaa zaidi anayeweza bado kusema amina.

Huenda utafanya haya yote na hofu isipungue. Ikiwa baada ya wiki chache bado hulali, mwili unatetemeka, unarudia sala kwa hesabu ili zisiharibike, au huwezi kufanya kazi, nenda ukamwone daktari. Dhamiri yenye kijiwe mara nyingi huambatana na ugonjwa wa mawazo yanayojirudia, na ugonjwa huo una tiba ya mazungumzo na una dawa; Muhimbili, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa, wapo wataalamu wa afya ya akili. Kwenda huko si upungufu wa imani, kama ambavyo kutibiwa malaria si upungufu wa imani. Padre atakuondolea dhambi, lakini hana uwezo wa kukuandikia dawa, na mimi ninayekujibu kwa maandishi siwezi hata kukutazama usoni nikajua umelala saa ngapi. Ndiyo maana nakuomba uende kwa watu wawili walio hai mbele yako, muungamishi mmoja na daktari mmoja, na kila mmoja ajue kwamba mwingine yupo.

Anza na paroko wiki hii, kabla ya safari ijayo kama inawezekana. Mpe barua hii aisome kama maneno yatakushinda. Mkishakubaliana namna ya kumweleza mkeo, mpigie mama wa mtoto simu mchana, kwa heshima na kwa ufupi, umwombe msamaha kwa ile miaka minne, umuulize mtoto anasoma darasa la ngapi na anahitaji nini muhula huu, kisha umsikilize hadi amalize, hata kama atakayosema ni makali. Mimi kesho asubuhi nitamtaja rafiki yako altareni.